Maswali ya washonaji: zipu za mitumba, vipande vya vitenge, na vitu visivyofaa kubaniwa

Fundi anayeanza hupiga hesabu ya kitambaa, akasahau zipu, vifungo, bitana, utepe wa shingo na uzi. Ukivijumlisha, faida ya gauni moja inaweza kuishia humo. Maswali ya safari hii karibu yote yanagusa jambo hilo: kipi kiokolewe kwenye nguo kuukuu, na kipi kinunuliwe kipya.

Nashona sketi na magauni nyumbani, Tandika. Zipu zinanimalizia hela. Je, naweza kutumia zipu za mitumba kwa kazi ya mteja?

Unaweza, na mara nyingi utampa mteja kitu imara kuliko zile zipu za bei ya chini zinazouzwa mpya kwa dazeni. Jaketi, suruali za kazi na mabegi ya mitumba huja na zipu nzuri hata pale kitambaa chenyewe kimechakaa. Kwa hiyo unapopita mnadani, usiangalie nguo kama nguo. Shati lenye doa la mafuta kifuani halina mnunuzi, lakini vifungo vyake havina kasoro yoyote.

Kagua zipu kabla hujalipa. Ifungue na kuifunga mara kadhaa, kisha ifunge yote na uvute utepe wa pande mbili kama anayetaka kuzitenganisha. Meno yakiachia nyuma ya kichwa cha zipu, kichwa kimelegea. Hilo linatibika: kibane kwa koleo ubavuni, upande mmoja kisha wa pili, kidogo kidogo, ukikijaribu kila baada ya kubana. Ukikibana kwa nguvu mara moja, kinaweza kugoma kutembea au kupasuka, na hapo hakuna dawa. Zipu iliyopungukiwa na jino katikati usiichukue hata ukipewa bure.

Wakati wa kuitoa, usipitishe mkasi karibu na meno. Utepe wote unauhitaji, maana ndio utakaoushonea. Kata nguo sentimita 2 nje ya mshono, halafu ukae ufumue kwa wembe au kifumulio. Utepe uliojikunja upige pasi ya uvuguvugu tu, kwa sababu nailoni huyeyuka.

Ikiwa ndefu kuliko unavyotaka, zipu ya nailoni inafupishwa kwa dakika mbili. Pima urefu unaoutaka, shona kwa mkono mishono 8 hadi 10 ya kurudia palepale juu ya meno ili kichwa kisipite, kisha kata sentimita 2 chini ya hapo. Zipu ya chuma usiipitishie sindano ya cherehani juu ya meno. Yang'oe kwa koleo kwanza sehemu unayotaka kushona, la sivyo sindano itakatika. Na zipu ya jaketi, ile inayoachana chini, haifupishwi chini kwa sababu ndiko kiliko kiungio chake. Ifupishe juu, na uweke kizuizi kabla hujakata, kichwa kisije kikachomoka mkononi.

Vifungo je? Nikinunua shati la mtumba nitapata vingapi?

Shati la kiume la mikono mirefu kwa kawaida lina vifungo 7 mbele ukihesabu na cha kola, na vingine vya mikono. Usisahau kuchungulia ndani, chini kabisa ya pindo la mbele: mara nyingi kuna kimoja au viwili vya akiba. Vitunge kwa uzi seti kwa seti mara tu unapovitoa. Vikishachanganyika kwenye kopo, utatumia saa nzima kutafuta saba vinavyofanana.

Seti ikipungua kimoja, kile kisichofanana kiweke chini kabisa, panapochomekewa.

Shati lenyewe usilitupe. Mgongo wake unatosha mifuko ya ndani ya suruali mbili au tatu, na pamba yake iliyokwisha kufuliwa mara nyingi ni nzuri kwa kukazia kola za magauni. Kata kipande kwa umbo la kola, kipige bandi (mishono mirefu ya muda) upande wa ndani wa kola ya juu, kisha shona kama kawaida na upunguze kingo zake ndani ya mshono ili pasiwe na uvimbe. Hakitabanduka wala kutoa mapovu baada ya kufuliwa, jambo ambalo hutokea kwa vile vitambaa vya gundi vya bei poa.

Fundi wa jirani ananipa mfuko wa vipande kila wiki. Nimeshona foronya ya viraka, ikafuliwa mara moja ikajikunja yote. Kosa liko wapi?

Umechanganya vitambaa visivyolingana. Pamba mpya hurudi inapofuliwa, poliesta hairudi. Ukiviunganisha, kimoja kinamvuta mwenzake na mshono unajikunja. Panga vipande kabla ya kushona chochote. Kama hujui kipande ni cha nini, chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibanio cha chuma, na uziwashe juu ya sahani yenye maji. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inaacha jivu laini linalopukutika. Poliesta inayeyuka, inanuka plastiki, na inaacha kidonge cheusi kigumu. Ukipata jivu pamoja na vidonge, hiyo ni tetroni, yaani mchanganyiko.

Vya pamba vyote vifue kwa maji ya moto, vikauke, vipigwe pasi, ndipo vikatwe. Vile vinavyotoa rangi vijue mapema: lowesha kipande, kibane kati ya vitambaa vyeupe, pitisha pasi. Kitenge chekundu au cha buluu iliyokolea kikiacha alama kwenye cheupe, usikiweke karibu na kanga nyeupe.

Na mwombe fundi jambo moja: akuwekee vipande visivyopungua ukubwa wa kiganja, vya kitenge peke yake. Akikupa kila kinachoanguka sakafuni utabeba takataka nyingi kuliko kitambaa.

Miraba ya mto wangu haikutani kwenye kona. Nakata sentimita 12 kwa 12 kama nilivyoelekezwa.

Vipimo vyako ni sahihi. Mto wa sentimita 40 unahitaji miraba 16, kila mmoja ukikatwa 12 kwa 12, na mshono wa sentimita 1 kila upande unaacha 10 kamili. Tatizo liko kwenye upana wa mshono. Ukila milimita 2 za ziada kila upande, kila mshono umemeza milimita 4. Safu ina mishono mitatu ya ndani, kwa hiyo imepungua milimita 12. Safu nyingine ukiishona sawasawa, kona zitakutana vipi?

Bandika kipande cha plasta kwenye bati la cherehani, sentimita 1 kamili kutoka sindano, na uburuze ukingo wa kitambaa sambamba nacho. Kisha pasi: mishono ya safu ya kwanza ilaze kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia. Ukiziunganisha safu, mishono hukutana ikiwa imelala pande tofauti, nawe unaisikia kwa vidole inavyobanana. Chomeka pini hapo hapo.

Kwa mgongo wa mto usinunue zipu. Kata vipande viwili vya sentimita 42 kwa 28, pinda upande mmoja mrefu wa kila kimoja (sentimita 1, kisha tena 1), na uvipandanishe. Vitalaliana sentimita 10, na mto hautachungulia nje.

Utepe wa kuzungushia shingo naununua kwa mita, na rangi hailingani na kitenge kamwe. Naweza kujitengenezea?

Hili ndilo swali tulilolifurahia kuliko yote, kwa sababu hapa kipande kinachotupwa kinageuka kitu bora kuliko cha dukani.

Chukua mraba wa sentimita 30 kwa 30 wa kitenge kilekile cha gauni. Hakikisha kingo zake zinafuata nyuzi za kitambaa. Kama huna uhakika, chomoa uzi mmoja na ukate kwenye alama yake. Kunja kona kwa kona upate pembetatu, piga pasi mkunjo bila kuuvuta. Huo mkunjo ndio mshazari. Fungua, chora mistari sambamba nao kila baada ya sentimita 4, kata. Katikati utapata vipande virefu, vikizidi kuwa vifupi kuelekea kwenye kona.

Ncha za vipande hivyo tayari zimekatika kwa mteremko. Weka ncha mbili uso kwa uso, vipande vikifanya umbo la pembe mraba, vijincha vikichomoza kidogo pande zote mbili, ushone nusu sentimita. Ukizilinganisha ncha sawasawa bila kuchomoza, utepe utatoka na ngazi kila ulipoungwa. Fungua mshono kwa pasi, kata vijincha.

Ukiacha vile vifupi mno vya kona, utabaki na karibu mita 2. Shingo ya gauni la mtu mzima huchukua sentimita 60 hadi 70 hivi, na kila kwapa la gauni lisilo na mikono 45 hadi 50. Mraba mmoja unamaliza gauni zima.

Kunja kingo zote mbili zikutane katikati, piga pasi, kisha kunja tena: umepata utepe wa sentimita 1. Unapouzungusha kwenye shingo, uvute kidogo sana kwenye mviringo ili ukumbatie. Ukiulegeza utasimama nje ya mwili. Wanaokata utepe wa kufuata nyuzi badala ya mshazari wanaokoa dakika kumi, halafu shingo inajikunjakunja na hakuna pasi itakayoinyoosha. Kitenge hunyumbulika zaidi kwa mshazari.

Mabegi ya uzi mkuukuu, lastiki za kufumua na sindano zilizotumika vinauzwa kwa bei ya bure. Ninunue?

Hapana. Hapa ndipo tunapokataa ubanifu. Gharama kubwa ya nguo ni muda wako, na uzi ukikatika au kiuno kikilegea baada ya wiki mbili unashona upya bila malipo.

Uzi wa zamani upime: zungusha kipande cha sentimita 30 kwenye vidole vya mikono yote miwili na uvute ghafla. Uzi mzuri wa poliesta utakuumiza vidole kabla haujakatika. Ukikatika kirahisi, ubaki wa kupigia bandi tu. Humo ni mzuri kwa kuwa unatoka bila taabu. Uzi wenye manyoya mengi huacha vumbi kwenye vibati vya mvutano, vile vinavyokaza uzi kwenye cherehani, na mishono inaanza kulegea bila sababu ya kuonekana.

Ukitaka kuokoa kwenye uzi, nunua koni badala ya vibunda vidogo. Rangi tatu zinakufikisha mbali: nyeusi, maziwa na kijivu, maana kijivu hujificha kwenye vitenge vingi vya rangi mchanganyiko. Koni usiichomeke kwenye kijiti cha uzi cha cherehani ya nyumbani, uzi utavutwa kwa ubavu na mvutano utapandapanda. Isimamishe kwenye kikombe nyuma ya cherehani, pitisha uzi juu kwenye ndoano ya hanga iliyokunjwa, ndipo uushushe kwenye njia yake.

Lastiki hufa ndani kabla ya kuonekana nje. Ivute hadi mara mbili ya urefu wake. Ikilia kama inachanika au isiporudi, imekwisha. Sindano ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote: namba 14 kwa vitenge, 16 kwa jinzi, 11 kwa shifoni, na ubadilishe baada ya saa nane hivi za kushona, au mapema zaidi ukisikia inagonga kitambaa kwa mlio.

Shuka la mtumba linafaa kwa bitana?

Linafaa sana, hasa la pamba nyembamba. Shuka la sentimita 230 kwa 250 lina eneo sawa na mita 5 za kitenge chenye upana wa sentimita 115, kwa hiyo linganisha bei kwa hesabu hiyo. Linyanyue kwenye mwanga: katikati, palipolaliwa, mara nyingi pamekonda. Kata kutoka pembeni na upande wa miguu. Mapazia yachukue kwa tahadhari, jua huyaozesha. Vuta kwa vidole gumba viwili, ukisikia yanachanika yaache.

Nilijaza mto kwa vipande vilivyobaki, sasa una madonge.

Vipande vyako ni virefu mno. Vikiwa kama utambi hujiviringisha na kuwa donge. Vikate visizidi sentimita 2 au 3, toa nyuzi zilizosokotana, na kabla ya kujaza pitisha sumaku ya spika mbovu juu yake kuokota pini na vipande vya sindano. Vianike juani hadi vikauke kabisa. Kwa wanaoishi pwani hili ni lazima, unyevu ukifungiwa ndani utatoa ukungu na harufu.

Jaza kwanza kona nne, kisha katikati, kwenye mfuko wa ndani uliokatwa kwenye shuka kuukuu, ili foronya ifuliwe peke yake. Mto wa sentimita 40 utameza kilo moja hadi moja na nusu. Ni mzito kuliko wa pamba, kwa hiyo ufanye wa kukalia sakafuni au wa kuegemea, usiwe wa kulalia mtoto.