Mimi nipelekeni 1942

Swali lenu la wiki ni kwamba ukipewa nafasi ya kurudi mwaka mmoja wa zamani ukaangalie mpira, ungechagua upi. Najua wengi watakimbilia 1970 ya Pele au 1986 ya Maradona, sawa kabisa, ila mimi nipelekeni 1942. Mwaka huo Kombe la Dunia lilitakiwa lichezwe likafa kwa sababu ya vita, ndo maana hakuna anayeukumbuka, lakini mpira wenyewe haukusimama.

Kwanza nishukie Leningrad, kule Urusi, tarehe 31 Mei. Mji ulikuwa umezingirwa na Wajerumani tangu Septemba 1941, na kwenye ile baridi ya mwanzo kuna watu walikuwa wanapewa gramu 125 za mkate kwa siku nzima, yani kama slesi tatu nne hivi, na mkate wenyewe umechanganywa na mabaki ya mbao. Watu wanakufa njaa majumbani na barabarani. Sasa katika hali hiyo hiyo ikapigwa mechi, Dynamo dhidi ya timu ya kiwanda cha vyuma, Dynamo wakashinda 6-0, na kila kipindi kilikuwa dakika 30 badala ya 45 maana miili ilikuwa haina kitu. Mimi nimewahi kucheza alasiri ya Ramadhani, daku nimekula nikashiba, na bado dakika ya ishirini magoti yakaanza kutetemeka, mpira unapita mbele yangu hatua moja tu naushindwa. Kwa hiyo hizo dakika 30 siwezi kuziona chache hata kidogo. Tena magoli ya Dynamo sina shida nayo sana, ninayetaka kumuona ni yule wa kiwandani aliyeenda kuokota mpira wavuni baada ya bao la sita akaurudisha kati waanze upya.

Septemba 20 ningegawanyika vipande viwili maana siku hiyo moja kulikuwa na mambo mawili. Pale Berlin Sweden waliifunga Ujerumani 3-2 kwao, wakati jeshi la Ujerumani liko Stalingrad linapigana. Na huko São Paulo klabu ya Waitalia, Palestra Itália, ilikuwa imelazimika kubadili jina kwa sababu Brazil imeingia vitani dhidi ya Italia, wakaingia uwanjani kwa mara ya kwanza kama Palmeiras, wamebeba bendera ya Brazil, wakawapiga São Paulo 3-1 na ubingwa wakachukua. Miezi miwili baadaye, Novemba 22, Ujerumani wakaifunga Slovakia 5-2 pale Bratislava, halafu timu yao ya taifa ikapotea mpaka Novemba 1950.

Lakini Kyiv ndo ingenishika muda mrefu zaidi. Mji uko chini ya Wajerumani, wachezaji wa zamani wa Dynamo ya Kyiv (siyo ile ya Leningrad) na Lokomotyv wanafanya kazi kiwanda cha mikate, golikipa Trusevych akiwa mmoja wao, wakaunda timu inaitwa Start. Kiangazi kile walimfunga kila aliyekuja. Agosti 6 wakawapa Flakelf, timu ya Wajerumani wa mizinga ya kutungua ndege, 5-1, Wajerumani wakaomba marudiano Agosti 9 wakafungwa tena 5-3.

Hapa nawaomba jamani, mkija kuandika habari hii msiandike kwamba walipigwa risasi pale pale uwanjani wakiwa na jezi. Hiyo ilitiwa chumvi baadaye na Wasovieti, na inaniuma kwa sababu ukweli wao haukuhitaji chumvi. Wiki moja baadaye walicheza tena wakashinda 8-0, ndipo Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, wakawafuata kazini kwao. Korotkykh akafia mikononi mwao kwa mateso. Wengine wakapelekwa kambi ya wafungwa ya Syrets, na Februari 1943, miezi sita baada ya ile mechi, Trusevych, Kuzmenko na Klymenko wakapigwa risasi. Wapo pia waliopona wakazeeka.

Kwa hiyo Agosti 9 mniweke nyuma ya goli la Trusevych, karibu kabisa na nyavu, na nisiondoke mpaka filimbi ya mwisho.