Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni

Pole sana, kaka. Umesema unaendesha daladala, na maumivu yanaanzia takoni, yanashuka nyuma ya paja mpaka unyayoni kama shoti ya umeme. Hiyo inafanana na siatika: neva inabanwa kiunoni, mara nyingi na diski (kile kitakio laini kilicho kati ya pingili za mgongo) iliyotokeza nje. Usilale kutwa; tembea kidogo kidogo. Muone mtaalamu wa fiziotherapia akupime, maana zoezi lililomfaa mwenzako laweza kukuzidishia. Maumivu yakihama unyayoni yakabaki kiunoni tu, usiogope, hiyo ni nafuu. Na kama unaweka pochi mfuko wa nyuma, itoe unapokaa kwenye usukani, isikukandamize takoni! Ila sehemu za siri zikifa ganzi au mkojo ukigoma, kimbia hospitali siku hiyohiyo.