Maltitulu kwenye fremu za mninga: punguza nguvu ya mkono

Hapa Tabora nyumba nyingi za sakafu ya saruji sasa zinawekwa vigae, na fremu za milango lazima zipunguzwe kwa chini ili kigae kipite. Mafundi wengi hukimbilia grainda. Mimi nakushauri tumia maltitulu, mashine ndogo ya mkono yenye bledi bapa inayotikisika mbele.

Bledi yake haizunguki. Inacheza kulia na kushoto, digrii chache tu, lakini mara 10,000 hadi 20,000 kwa dakika. Kwa hiyo hairuki mkononi kama grainda, ingawa kidole kilichobanwa kwenye mbao kitakatika tu. Chomoa waya au betri kila unapobadilisha bledi.

Kipimo usikibahatishe. Laza kigae kizima sakafuni kando ya fremu, chini yake weka kadibodi ya unene wa gundi, kisha bledi ilale juu ya kigae na ikate. Anza kwa kona ya bledi. Ikishaingia, ipeleke kushoto na kulia taratibu ili vumbi litoke. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: mninga uliokaa miaka ukutani ni mkavu, fundi anaona kazi haiendi, anakandamiza. Ukikandamiza, meno yanakosa nafasi ya kucheza, yanasugua mahali pamoja, yanapata moto na kuwa butu. Ukiona moshi, itoe ipoe. Fremu ya zamani haikosi misumari, kwa hiyo nunua bledi ya baimetali, yaani yenye metali mbili, meno yakiwa ya chuma kigumu zaidi; zile za bei rahisi za mbao tupu huisha meno kwenye msumari wa kwanza. Kukwangua grauti, ile saruji ya kujazia kati ya vigae, kunataka bledi ya kabaidi, ambayo ni ngumu zaidi.

Vumbi la mninga nakuomba ulichukulie kwa uzito. Linawasha ngozi, linaleta chafya na hata pumu, na barakoa ya kitambaa hailizuii. Vaa barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi laini, na miwani, fungua madirisha, watoto wakae mbali.

Ukikata ukutani, kwa mfano nafasi ya soketi mpya, zima kwanza saketi ya ukuta huo, hakikisha kwa testa, halafu vuta umeme wa mashine kutoka saketi nyingine au tumia ya betri. Na kwenye majengo ya zamani yenye dari au mabati ya asbesto, usiguse kabisa, hata kwa tundu dogo. Vumbi lake husababisha saratani, na kuliondoa ni kazi ya wenye mafunzo na vifaa vyake.