Percussion: daktari naye anapiga ngoma?

Mkuu, umesema mwanao kapangiwa "percussion" kwenye kwaya, halafu wiki hiyohiyo ukalikuta neno hilo kwenye karatasi za hospitali za bibi, ukajiuliza kama daktari naye anapiga ngoma. Anapiga, mkuu.

Neno ni la Kilatini, percutere: kupiga kitu hadi kitikisike. Popote utakapolikuta, tafuta pigo.

Mwaka juzi nililazwa hapa Dodoma, maji yamejaa kifuani upande wa kulia. Daktari alilaza kidole cha kati mgongoni kwangu, akakigonga kwa kidole cha mkono wa pili, akawa anashuka taratibu. Juu mlio ulikuwa wazi, chini ukafa ghafla kama unagonga paja. "Yameanzia hapa," akachora alama kwa kalamu. Nikamwambia, dokta, mbona ndivyo ninavyopima simtanki nyumbani? Wa Dodoma mnanielewa: siku za mgao unagonga tangi kutoka juu mpaka mlio ubadilike.

Akacheka, akanipa kisa cha Leopold Auenbrugger, daktari wa Austria. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni mjini Graz, na inasimuliwa kwamba kijana alianzia kwenye mapipa ya mvinyo, akigonga kujua yamebaki na kiasi gani. Alichapisha kitabu chake 1761, wenzake wakampuuza. Kilikuja kupata heshima Corvisart, daktari wa Napoleon, alipokitafsiri kwa Kifaransa 1808. Mwaka uliofuata Auenbrugger mwenyewe akafariki. Sisi wenye mashamba ya zabibu tungeweza kumtangulia, ila mapipa yetu tunayapima kwa kuyanywa.

Kwenye bunduki, zile gobore za wazee, "percussion cap" ni fataki: kikofia kidogo kinacholipuka nyundo ikikigonga. (Si yule fataki anayevizia wanafunzi.)

Sasa muziki. Usimwambie kijana ni "ngoma" tu. Kwenye bendi, wa drams ni mmoja, wa perkashani ni mwingine: tumba, kengele, manyanga, kayamba. Kutikisa nako kumo. Neno ngoma lenyewe limebeba mengi mno: ni chombo, ni uchezaji, ni shughuli nzima. Shangazi yangu ni Mgogo, anapiga muheme, ngoma kaibana katikati ya mapaja kama kina mama wenzake. Siku moja nilimuuliza muheme ni ile ngoma au ule mchezo. Akanitazama. "Umekuja kucheza au kuhoji?"

Ilimba, ile ala ya Kigogo ya vyuma vyembamba, ndiyo huleta ubishi. Vile vyuma vinadonolewa kwa vidole gumba, havigongwi, lakini Hornbostel na Sachs, wataalamu wa muziki, walipopanga ala mwaka 1914 waliiweka kundi moja na kengele, ala ambazo mwili wake wenyewe ndio unaolia. Mimi kwenye perkashani siiingizi.

Muulize mwalimu wa kwaya ni chombo gani hasa. Kama ni kayamba, kijana aanze mapema kuzoeza viganja. Mimi siku ya kwanza nilirudi nyumbani kijiko kikanishinda kushika.