Jibu kwa dada aliyetolewa mfuko wa nyongo, anayekimbilia choo kila akila binyebwa

Dada, pole sana na kisu. Umesema ulitolewa mfuko wa nyongo siku 12 zilizopita kwa njia ya matundu madogo tumboni, bega likakuuma siku tatu likaacha, na sasa kila ukila matoke na binyebwa, ule mchuzi wa karanga, unakimbilia choo kabla hata hujanawa mikono. Unauliza kama ndiyo maisha yako mapya, na kama unaweza kumbeba mwanao wa mwaka mmoja na nusu. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika. Mmoja kasema mafuta uyasahau mpaka kaburini, mwingine kasema kula kila kitu, ule mfuko haukuwa na kazi. Mimi huu ni mwaka wa nne naishi bila huo mfuko, na nimewahi kuwaamini watu wa aina zote mbili kwa zamu. Wote walinitesa.

Nina kibanda cha chakula hapa Busia, upande wetu wa Uganda, karibu na yanakoegeshwa malori. Mafuta ya kupikia kwangu yanakuja kwa dumu na yanamiminwa kwa macho. Mwaka mzima kabla ya upasuaji nilidhani nina vidonda vya tumbo, kumbe ni mawe kwenye mfuko wa nyongo. Maumivu yalikuja usiku, saa tano au sita, hasa siku niliyokula pilau au muchomo, yaani nyama choma: yanaanza chini ya mbavu za kulia, yanapenya mpaka nyuma kwenye kombe la bega, nageuka kitandani mpaka alfajiri. Nilitafuna vidonge vya kiungulia kama njugu. Hata ile dawa ya kunywa mafuta ya zeituni na ndimu nilikunywa, nikatoa vitu vya kijani kama maharage, nikashangilia na majirani. Skani ya wiki iliyofuata ikaonyesha mawe yako palepale. Daktari akacheka, akasema ile niliyotoa ni sabuni iliyojitengeneza tumboni kwa hayo mafuta na ndimu.

Nikapasuliwa kwa mkato mrefu, kovu la shubiri moja, maana bei ya matundu ilinishinda. Kwa hiyo wewe una nafuu: watu wa matundu wengi wanarudia kazi nyepesi ndani ya wiki moja au mbili, sisi wa mkato tunahesabiwa wiki sita. Hilo bega lako usiliogope. Ili waone ndani, wanajaza tumbo hewa ya kabonidayoksaidi, nayo inausumbua ule ukuta wa msuli unaotenganisha tumbo na mapafu. Mshipa wa fahamu wa ukuta huo unatokea shingoni, na bega nalo linapata yake hukohuko, basi maumivu yanasikika begani. Hewa ikiisha mwilini, yanaisha.

Sasa nije kwenye choo, ambako nimesomea kwa ada kubwa.

Karatasi niliyopewa siku ya kuruhusiwa ilikuwa na maneno manne kuhusu chakula: Epuka vyakula vyenye mafuta. Ninayo mpaka leo. Mafuta gani, kiasi gani, mpaka lini, hakuna. Wiki mbili za kwanza nilikula uji, wali laini, ndizi mbivu na ngege (sato) wa kuchemsha, nikawa sijambo. Wiki ya tatu kukawa na kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba ukweni, ya mtoto wa kaka yangu. Shangazi hakosi kwanjula. Asubuhi nilikunywa chai ya rangi peke yake, nikijua tutakula mchana. Mnazijua kwanjula zetu: wasemaji walibishana, zawadi zikahesabiwa, chakula kikaja saa kumi jioni. Nilikuwa na njaa ya kutafuna mkeka. Nikala luwombo (chakula cha kupikwa ndani ya jani la mgomba) ya kuku na binyebwa, nikaongeza pilau, nikateremshia na soda. Tulipopanda taksi ya kurudi, kabla ya Tororo, nilimwomba dereva asimame kwenye kituo cha mafuta. Kabla ya Busia nikamwomba tena, na hapo hapakuwa na kituo cha mafuta. Mengine yabaki kati yangu na migomba ya watu.

Kutoka siku hiyo nikaapa. Miezi miwili sikugusa tone la mafuta: posho (ugali), dodo (mchicha) ya kuchemsha, chumvi, basi. Choo kilitulia, lakini nilipungua kilo tisa, magauni yakawa yananing'inia. Siku moja nilipata kizunguzungu mbele ya jiko nikadakwa na dereva mmoja wa lori, Msomali, aliyekuja kudai chenji yake.

Aliyenifungua macho ni nesi mmoja wa makamo kwenye kliniki, na alinifungua kwa kuku. Akaniuliza, ukichinja kuku unakiona kile kifuko cha kijani kwenye ini? Nikamwambia nakiona, ukikipasua mboga imekuwa shubiri. Akasema: nyongo haitengenezwi mle, inatengenezwa na ini, kifuko ni kibuyu tu cha kuihifadhia. Ini la mtu mzima linatoa kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Kibuyu chenyewe kinabeba kama vijiko vitatu vya chakula, ila ni nyongo iliyokolea. Ukila mafuta kibuyu kinajikamua, nyongo inashuka kwa pamoja na kuyavunja mafuta kama sabuni inavyovunja ukoko wa mafuta kwenye sufuria. Kibuyu kikitolewa, nyongo bado ipo; inadondoka kidogo kidogo usiku na mchana, uwe umekula au hujala.

Hapo ndipo kwanjula yangu ilipoeleweka. Mafuta machache yanakuta nyongo ya kutosha kuyavunja. Mafuta mengi kwa mpigo mmoja hayakutani na nyongo inayotosha, sehemu inapita nzimanzima. Tena ukikaa na njaa kutwa, nyongo inayodondoka haina chakula cha kushughulikia, inateremka mpaka utumbo mpana, na kule kazi yake ni kuvuta maji. Ndicho hicho choo cha mbio, cha manjano au kijani, kinachochoma. Kumbe kosa langu lilikuwa kungoja chakula mpaka saa kumi na kula vitatu kwa mara moja, na mimi nilikuwa nimeyafungia mafuta yote kifungo cha maisha.

Na ule woga wa miezi miwili nao aliukemea. Vitamini A, D, E na K zinaingia mwilini zikiwa zimepanda mafuta, akasema, bila mafuta hiyo dodo unaila nusu ya bure. Nilipolalamika kwamba nimebaki nusu mtu, akaniambia farasi na punda hawana kifuko hicho tangu kuumbwa, na mizigo wanabeba.

Nikanunua daftari la shule. Kila siku tatu nne naongeza kitu kimoja, naandika nimekula nini, kiasi gani, tumbo limesemaje. Nikaacha kumimina kwa macho, nikaanza kupima kwa kijiko cha chakula. Kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia ni kama gramu 14 za mafuta. Yai zima lina kama 5 tu, zote kwenye kiini. Ndiyo maana huwa nawacheka wanaolaumu mayai ya rolex, ile chapati inayokunjiwa mayai. Mayai hayana neno. Iangalie ile chapati iliyokandwa kwa mafuta, ikakaangwa kwa mafuta, kisha mayai yakamiminwa kwenye mafuta mengine. Yangu siku hizi ni mayai ya kuchemsha na chapati kavu ya kikaangio kisichopakwa kitu, na kijana wa rolex wa jirani ananiona nimerogwa.

Karanga nazo, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Upawa wa binyebwa nzito kama ya mama zetu, kwa tumbo la siku 12, ni mapema mno, dada. Iache wiki mbili tatu hivi. Ukirudi, anza na kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa kwa sahani yako, uipike na nyanya na maji mengi, uile na matoke ya mvuke mchana, siku ambayo huna safari. Ovakado lipunguze mpaka robo, yetu ya hapa ni makubwa na yana mafuta mengi kuliko sura yake. Kuku mtoe ngozi. Mukene, yaani dagaa, usikaange, mchome kidogo umchemshe na nyanya. Chai ya maziwa asubuhi na tumbo tupu ilinisumbua karibu miezi mitatu, kahawa pia, pilipili mpaka leo. Maharage yalinijaza gesi nikaanza na mchuzi wake tu, kisha vijiko viwili, sasa nakula sahani. Ndizi mbivu, viazi vitamu, papai na hayo maharage yana nyuzi laini zinazonyonya maji na kukipa choo umbo, kwa hiyo usiyakimbie yote kwa kuogopa gesi. Na kula mara tano kidogo kidogo, hata kama mama mkwe anaona unadokoa. Hili kwangu lilisaidia kuliko kitu chochote nilichokiacha kula.

Ramadhani ya kwanza niliiogopa kweli, maana ni ile njaa ya kwanjula siku 29 au 30 mfululizo. Nilimuuliza daktari kwanza, nilikuwa nimeshamaliza miezi saba, akaniruhusu. Nilifuturu kwa tende na uji wa ulezi, nikaswali, nikala chakula kidogo, na baada ya tarawehe kidogo tena. Sambusa niliwapitishia wageni.

Kama mwezi wa pili au wa tatu utaisha na bado unakimbia kila siku, usijifungie na posho kavu kama mimi. Rudi kwa daktari. Kuna dawa ya unga inaitwa kolestiramini, inaikamata nyongo utumboni isivute maji. Ila inakamata na dawa nyingine, hata vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo lazima aambiwe kila unachomeza akupangie saa za kuvitenganisha.

Kuna mambo ambayo hayangoji miezi. Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi nzito, choo kikawa cheupe kama udongo, ukapata homa na kutetemeka, tumbo likavimba, maumivu yakazidi badala ya kupungua, au ukawa unatapika kila kitu, nenda siku hiyohiyo, hata usiku. Jiwe linaweza kuwa limebaki kwenye mrija wa nyongo, au mrija unavuja. Mimi nilirudi kwa sababu ya kidonda kutoa usaha siku ya tisa. Nilipewa dawa, nikasafishwa siku kadhaa, kikafunga. Nilikuwa nimeshashauriwa nipake majivu ya mgomba.

Na mtoto. Nadhani mtoto wa umri huo anakaribia kilo 10 au 11, sawa na nusu ya jerikani la maji. Kwa matundu muulize aliyekupasua akupe tarehe yake. Wengi wanakataza kunyanyua vizito kwa wiki kadhaa, maana misuli ya pale kitovuni ikiachia unapata ngiri. Kwa sasa keti chini kwenye mkeka, yeye ndiye apande mapajani. Kumfunga mgongoni kusubiri, kule kuinama na kumrusha ndiko kunakoivuta mishono. Ukiamka kitandani geuka ubavu kwanza, usukume kwa mkono. Ukikohoa au kucheka kumbatia mto tumboni. Kama umepewa tramadoli ya kutuliza maumivu, jua inafunga choo, na kusukuma chooni ni sawa na kubeba jerikani. Kunywa maji, kula papai. Boda ipande ukilazimika tu, na umwambie kijana mashimo ayapite taratibu, mimi la tatu nilishuka nikatembea.

Kilichonichelewesha zaidi ya vyote ni posho. Mtu hawazi kwamba kusonga ni kazi ya tumbo mpaka ashike mwiko kwenye sufuria ya watu thelathini. Wiki ya tano nilijaribu, nikahisi kitu kinavutika ndani, nikaacha mwiko umesimama humohumo. Mwanangu wa kiume alisonga mpaka miezi mitatu ikaisha, mabonge tupu, na madereva walilipa. Wewe kama una mtu wa kukusongea nyumbani, mwachie mwiko kwa sasa, hata akitoa mabonge.