Waviking walifika wapi hasa Amerika?

SWALI: Rafiki yangu aliyeko Minnesota anasema Waviking walifika huko, na lipo jiwe lenye maandishi ya mwaka 1362. Mwingine anasema waliishia Kanada. Nimwamini nani?

JIBU: Wa Kanada yuko karibu zaidi na ushahidi, ndugu msomaji, ila neno "waliishia" linanipa shida kidogo.

Makazi yaliyothibitika ni L'Anse aux Meadows, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Newfoundland, Kanada. Kuanzia 1961 mwanaakiolojia Anne Stine Ingstad alichimbua hapo misingi ya majengo manane ya udongo wa nyasi, takataka za kuyeyushia chuma na pini ya shaba nyeusi ya kufungia joho. Tarehe yake imepatikana kwa njia nzuri sana. Mwaka 993 mionzi ya kutoka angani ilipandisha ghafla kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, na kila mti uliokuwa hai ukaihifadhi katika pete ya mwaka huo. Watafiti waliipata pete hiyo katika mbao tatu zilizokatwa kwa chuma, wakahesabu pete 28 hadi kwenye gamba: 1021. Ubao uliopoteza ukingo wa gamba haufai, maana hujui pete ngapi zimechongwa zikatoka.

Kwenye taka hizohizo zilikutwa kokwa za Juglans cinerea, mti wa jamii ya jozi usioota Newfoundland. Ili kuupata ni lazima ushuke hadi upande wa New Brunswick, jimbo la Kanada lililo kusini zaidi, ambako zabibu mwitu nazo huota. Kwa hiyo walifika kusini zaidi ya makazi yao, ingawa huko hakuna hata msingi wa nyumba uliopatikana.

Sarafu ya Norwei ya karne ya 11 iliyookotwa Maine, Marekani, mwaka 1957 haitoshi. Ilikutwa peke yake kwenye kijiji cha wenyeji kilichokuwa na mawe ya kutoka Labrador, kaskazini mwa Kanada. Kitu kidogo hupita mkono kwa mkono. Mwenyewe si lazima afike.

Na lile jiwe la Minnesota, liitwalo jiwe la Kensington? Lilitolewa ardhini mwaka 1898 na mkulima mhamiaji kutoka Uswidi. Baadhi ya herufi zake za ajabu, ambazo hazijulikani katika maandishi ya karne ya 14, zimo katika karatasi za Kiswidi za 1883 na 1885. Halafu Minnesota ni bara ndani kabisa, na njiani kote hapajaonekana jiko wala msumari wao. Mwulize rafiki yako walilala wapi.