Mikisa ya Japani isiyowaka: ya umeme ichukue, ya chumvi iache

Wa alaykum salaam sheikh. Umeuliza kama uichukue hiyo mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) ya mtumba ya chaneli 12 uliyoiona sokoni Darajani, Unguja, haiwaki, na muuzaji anasema "fyuzi tu hiyo". Fyuzi haiungui bure, ipo sababu. Sababu hiyo ndiyo itakayokwambia ununue au uondoke.

Soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 100V, ndio umeme wa Japani, yumkini mtu kaichomeka kwenye 230V yetu. Mikisa ya namna hiyo ndiyo ya kuitafuta, maana madhara mara nyingi huishia kwenye pawa saplai (sehemu inayoupokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani), bodi za sauti zikasalimika.

Ubaya ni chumvi. Mwombe muuzaji afungue skrubu, umulike kwa tochi miguu ya aisii (vile vipande vyeusi vyenye miguu mingi), soketi za XLR (matundu ya maikrofoni) na vichwa vya nyaya za riboni, zile bapa. Chumvi ya hewa ya pwani huvuta unyevu, na umeme ukipita kwenye unyevu ule shaba huliwa kidogo kidogo. Ukijani kwenye soketi moja mbili si kitu, zitabadilishwa. Lakini ukiuona umeingia chini ya rangi ya bodi, iache hata kwa bei ya bure: utasafisha leo, mwezi ujao chaneli nyengine inakatika, na hutajua wapi.

Ikiwa ndani ni safi, toa fyuzi uitazame. Kioo cheupe na waya uliokatika katikati ni mzigo uliozidi kidogo. Kioo cheusi ni shoti. Pawa saplai ya transfoma ipime kwa mita kwenye nyaya zake za kuingilia, umeme umechomolewa: omu chache hadi makumi, nzima. Isiposoma kitu, imekatika, mara nyingi ni fyuzi ya joto iliyofichwa ndani ya msokoto. Kwenye saplai ya swichingi (isiyo na transfoma kubwa nzito) angalia kapasita kubwa. Nyingi za 100V huandikwa 200V, na 230V ikishanyooshwa hufika 325V, kwa hiyo kapasita hupasuka na transista na daraja la dayodi hufuata. Usiiguse kwa mkono: hukaa na umeme hata baada ya kuchomolewa. Itoe umeme kwa risista ya kilo-omu 4.7, wati 5, kisha pima uhakikishe.

Ukishatengeneza, usiiwashe moja kwa moja. Funga globu ya zamani ya waya, wati 60, kwa mfululizo kabla ya transfoma ya kushushia 230V iwe 100V (globu ya LED haifai kazi hii). Ikimweka kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa, zima, shoti ingalipo. Na transfoma zinazouzwa madukani nyingi hutoa 110V. Tafuta ya 100V khasa, la sivyo regyuleta (vipande vinavyoshikilia volti zisipande) zitakuwa na joto daima.

Halafu pima +15V, -15V na 48V ya maikrofoni za kondensa. Saplai nyingi za mikisa hutoa hizo. Ikikosekana +15V shuku regyuleta ya 7815, ikikosekana -15V shuku ya 7915, au kapasita iliyo mbele yake. Kapasita mpya iwe na mikrofaradi zile zile, volti zisipungue, iandikwe nyuzi joto 105, na mstari wa upande hasi usiugeuze. Chaneli iliyokufa peke yake: pima aisii yake ya kukuza sauti, 4558 au 5532, mguu wa 8 usome +15, wa 4 usome -15, wa 1 na wa 7 karibu na sifuri. Mguu wa kutoa ukiganda kwenye volti 13, badilisha aisii.

Fada (vitelezeshi vya kupandisha na kushusha sauti) zinazokwaruza zisafishe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya kidonda ina maji mengi, na WD-40 ya kawaida huacha mafuta yanayokamata vumbi.

Tuma hapa picha ya kibandiko na ya bodi kabla hujalipa.